Philip Ndegwa: Gavana aliyeishauri serikali iachane na biashara

Mwaka wa 1991, serikali ya Kenya ilipotafuta mtu wa kuliokoa shirika la ndege lililokuwa limelemewa na madeni, ilimwendea mwanauchumi ambaye mara mbili ilikuwa imepokea ripoti zake na kuzitia kabatini. Philip Ndegwa hakuwa mtu wa ndege. Alikuwa mtu wa fedha: msomi wa uchumi, mtumishi mwandamizi wa Hazina, Gavana wa Benki Kuu kwa takriban miaka mitano na mwekezaji katika bima. Alikuwa ameandika, kwa hati iliyotiwa muhuri wa serikali, kwamba serikali haifai kumiliki biashara nyingi kiasi kile. Sasa aliitwa aje authibitishe ushauri wake mwenyewe, tena kwa shirika ambalo karibu kila Mkenya alilihesabu kuwa sehemu ya bendera.

Kabla ya kuifuata safari yake ni vyema kuondoa utata mmoja. Kuna akina Ndegwa wawili katika historia ya fedha ya nchi hii, na hata watu wenye kumbukumbu nzuri huwachanganya. Duncan Ndegwa, wa Nyeri, ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Gavana wa Benki Kuu, kuanzia mwaka wa 1967, na ndiye aliyeongoza tume ya mwaka wa 1971 iliyowaruhusu watumishi wa serikali kufanya biashara zao huku wakiendelea na kazi. Philip Ndegwa, wa Kirinyaga, alimrithi Duncan katika kiti hicho mwaka wa 1982. Wote wawili waliacha nyuma yao hati inayoitwa Ripoti ya Ndegwa. Ripoti ya kwanza ilifungua mlango kati ya ofisi ya umma na biashara ya mtu binafsi. Zile za pili zililalamikia yaliyoingia kupitia mlango wa aina hiyo hiyo. Anayesoma historia ya mashirika ya umma bila kuzitenganisha atapotea mapema.

Philip Ndegwa alizaliwa katika miaka ya 1930, wakati ambapo kijana wa Kirinyaga aliyefika kidato cha juu alihesabiwa kuwa amekwisha fika mbali. Yeye alivuka hadi Makerere, Uganda, chuo ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kisima cha pekee cha elimu ya juu kwa vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Huko ndiko alikojenga jina lake la kwanza, jina la msomi.

Mwaka wa 1965 kitabu chake kuhusu soko la pamoja na maendeleo ya Afrika Mashariki kilichapishwa na East African Publishing House ya Nairobi. Mada hiyo leo yaweza kuonekana kavu, lakini katika miaka hiyo ilikuwa kaa la moto. Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa zimerithi kutoka kwa Waingereza soko moja, sarafu moja, reli moja, posta moja na shirika moja la ndege. Bidhaa zilivuka mipaka bila ushuru. Tatizo ni kwamba viwanda vingi vilikuwa vimejikusanya Kenya, hasa Nairobi, ambako wawekezaji walikuta reli, umeme, mabenki na wanunuzi. Kampala na Dar es Salaam zikalalamika kwamba zimegeuzwa kuwa masoko ya kuuzia sabuni, viatu na sigara za Nairobi. Makubaliano ya Kampala ya mwaka wa 1964 yalijaribu kugawanya viwanda kwa haki, nayo hayakufua dafu.

Ndegwa aliliangalia tatizo hilo kwa jicho la mwanauchumi. Soko la pamoja huleta faida, lakini faida hiyo haijigawi yenyewe; huelekea pale palipo na mtaji tayari. Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki uliotiwa saini Kampala mwezi Juni 1967 ulikubali hoja ya namna hiyo. Uliweka kodi maalumu ya kulinda viwanda vya nchi zilizobaki nyuma, na ukaanzisha Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, yenye makao Kampala, ili mikopo yake ielekezwe zaidi Uganda na Tanzania. Dawa ilikuja, lakini mgonjwa hakupona. Mwaka wa 1977 Jumuiya ilivunjika, kila nchi ikaondoka na kipande chake, na kati ya vipande hivyo kulikuwa na shirika la ndege. Tutalirudia jambo hilo, kwa kuwa mwandishi wa kitabu cha 1965 ndiye aliyekuja kukabidhiwa kipande hicho.

Kutoka Makerere Ndegwa aliingia katika utumishi wa serikali jijini Nairobi, katika wizara ya mipango ya uchumi iliyokuwa chini ya Tom Mboya. Wizara hiyo changa ilijaa vijana wasomi pamoja na washauri wa kigeni, na ilikuwa na kazi ya kuandika mipango ya maendeleo ya taifa. Mboya aliuawa kwa risasi tarehe 5 Julai 1969 katika barabara ya Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue. Watu aliowakusanya walitawanyika katika wizara nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Ndegwa alikuwa Katibu wa Kudumu katika Wizara ya Fedha na Mipango.

Ili kuelewa uzito wa kiti hicho, inafaa kukumbuka jinsi mabenki ya Nairobi yalivyokuwa. Hadi mwaka wa 1966 Kenya haikuwa na sarafu yake. Noti zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo cha tangu mwaka wa 1919 ambacho kwa miongo minne makao yake yalikuwa London kabla ya kuhamishiwa Nairobi mwaka wa 1960. Mabenki matatu ya Kiingereza, yaani Standard, Barclays na National and Grindlays, ndiyo yaliyoshika sehemu kubwa ya biashara. Yalikopesha mashamba makubwa ya kahawa, chai na katani, yakakopesha wafanyabiashara wa kuagiza bidhaa, na maamuzi mazito yakafanywa ng'ambo. Mwafrika aliyeajiriwa huko aliweza kuwa tarishi au karani wa kaunta. Meza ya mikopo ya makampuni, ile ya kusoma mizania ya kampuni, kupima dhamana na kuamua kama kiwanda kitapewa fedha za kununulia mashine, haikuwa yake.

Kazi hiyo haisomwi kitabuni pekee. Afisa anayekopesha makampuni hujifunza kwa miaka mingi: kwanza hesabu za tawi, kisha biashara ya nje, ambako benki huandika barua ya kumhakikishia muuzaji wa ng'ambo kwamba atalipwa shehena ikipakiwa melini, kisha mikopo ya msimu inayolipwa kahawa ikiuzwa. Hujifunza pia kukataa. Nchi iliyotaka watu wake washike meza hizo ilihitaji muda, na wanasiasa hawakuwa na muda.

Serikali iliamua kununua njia ya mkato. Ilianzisha Benki ya Taifa mwaka wa 1968. Mwaka wa 1970 ilichukua asilimia 60 ya shughuli za National and Grindlays na kuunda Benki ya Biashara ya Kenya, ambayo wananchi huiita KCB, kisha mwaka wa 1976 ikanunua sehemu iliyosalia. John Michuki alitoka Hazina na kuwa mwenyekiti mtendaji wa benki hiyo. Benki Kuu yenyewe ilikuwa imefungua milango Septemba 1966, Gavana wake wa kwanza akiwa Leon Baranski, mtaalamu kutoka Poland. Katika muda usiozidi miaka kumi, vyeo ambavyo Waafrika hawakuvifikiria viliwaangukia watu wachache waliokuwa na shahada na waliofahamiana tangu Makerere au Hazina. Kundi hilo halikuwa kubwa. Mtu aliweza kukutana nalo lote kati ya Harambee Avenue na Kenyatta Avenue wakati wa chakula cha mchana.

Ndegwa alikuwa miongoni mwao, ila yeye alibaki na tabia ya msomi. Mwaka wa 1973 alihariri, pamoja na Mmarekani John Powelson, kitabu kuhusu ajira barani Afrika. Huu ulikuwa mwaka mmoja tu baada ya ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani kutoa ripoti yake maarufu kuhusu Kenya, ile iliyowafanya wanauchumi wa ulimwengu waanze kuizungumzia sekta isiyo rasmi, ambayo Wakenya walikuja kuijua kwa jina la jua kali. Baadaye alihudumu kwa muda katika Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lililokuwa limefungua makao yake Nairobi.

Katika miaka hiyo pia lilichipuka tawi la pili la maisha yake. Mwaka wa 1974 ilianzishwa First Chartered Securities, kampuni ya uwekezaji ambayo jina lake halitenganishwi na la familia ya Ndegwa. Kupitia kampuni hiyo familia ilikuja kuwa na sauti kubwa katika bima, hasa katika Insurance Company of East Africa, ICEA, ambayo jengo lake refu limesimama Kenyatta Avenue. Bima ilikuwa chaguo la mtu anayejua fedha. Kampuni ya bima ya maisha hukusanya ada leo na kulipa madai baada ya miaka ishirini. Katikati ya miaka hiyo ina fedha za kununulia hisa, majumba na hati za serikali. Wengi wa rika lake walikimbilia mashamba na viwanja. Yeye alikimbilia mahali ambapo fedha za watu hukaa kwa muda mrefu.

Sheria na desturi za wakati huo, kwa baraka za tume ya 1971, hazikuzuia mtumishi wa umma kuwa na mali ya namna hiyo. Swali hata hivyo halikuondoka, na halijaondoka: mtu anayeandika kanuni za fedha anaweza vipi kuwa pia na hisa katika biashara ya fedha bila mkono mmoja kujua ufanyacho mwingine? Kenya ya miaka ya 1970 iliamua kutoliuliza kwa sauti. Ndegwa alinufaika na ukimya huo kama wengi wa rika lake, na wasifu wake hauwezi kuandikwa kwa haki bila kusema hivyo.

Lakini ni mtu huyo huyo aliyeanza kusema kwamba serikali imejitwika mzigo usiobebeka. Mwaka wa 1979, Rais Daniel arap Moi akiwa bado mpya madarakani, Ndegwa aliongoza kamati ya kuchunguza mashirika ya umma. Kamati ilikuta bodi zimeongezeka bila mpango, hesabu hazikaguliwi kwa wakati, wakurugenzi huteuliwa kwa sababu zisizohusiana na ujuzi, na fedha hupotea bila mtu kuulizwa. Ripoti ilipokewa na mashirika yakaendelea kama kawaida.

Mwaka wa 1982 aliitwa tena kuongoza jopo la kuchunguza matumizi ya serikali. Safari hii hali ilikuwa mbaya zaidi. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara mbili katika muongo mmoja, fedha za kahawa za mwaka wa 1977 zilikuwa zimekwisha, na Hazina ilikuwa imekopa kwa kutarajia mapato ambayo hayakuja. Jopo lilisema waziwazi kwamba serikali imejiingiza katika biashara ambazo zingefanywa vyema na wananchi wenyewe, na kwamba wakati umefika wa kuuza baadhi ya hisa zake. Lilipendekeza pia mipango ya maendeleo iteremshwe kutoka Nairobi hadi wilayani. Pendekezo hili la pili lilimpendeza Rais, na kuanzia Julai 1983 wilaya ikafanywa kitovu cha maendeleo. Lile la kuuza hisa liliundiwa jopo lingine la kulifikiria.

Kilichotokea hakikuwa ajabu. Shirika la umma lilikuwa mahali pa kumweka mwanasiasa aliyeshindwa uchaguzi, pa kuajiri vijana wa nyumbani, pa kupatia zabuni. Kuliuza kulikuwa sawa na kukata mti wa matunda kwa sababu mhasibu amesema kivuli chake ni ghali.

Mwezi Agosti wa mwaka huo huo wa 1982 lilitokea jaribio la kuipindua serikali. Katikati mwa jiji la Nairobi maduka yaliporwa, wafanyabiashara wengi wakafikiria kuhamisha fedha zao nje, na akiba ya fedha za kigeni ikawa ndogo mno. Mwaka ulipokuwa ukimalizika Ndegwa alihamia jengo la Benki Kuu lililoko Haile Selassie Avenue.

Gavana wa enzi hizo alikuwa na mamlaka ambayo Gavana wa leo hana, na pia minyororo ambayo wa leo hana. Thamani ya shilingi haikuamuliwa na soko. Kila dola iliyotoka nchini ilihitaji kibali. Kampuni ya Industrial Area iliyotaka vipuri kutoka Ujerumani ilipeleka maombi benki yake, benki ikayapeleka kwa idara ya udhibiti ya Benki Kuu, na faili likangoja. Maafisa wa mikopo ya makampuni katika mabenki ya jijini walitumia nusu ya siku zao wakifuatilia mafaili hayo. Wakati huo huo Gavana aliteuliwa na Rais na aliweza kuondolewa naye.

Desemba 1982 shilingi ilishushwa thamani, na tangu hapo ikaachwa itelemke polepole badala ya kungoja mishtuko mikubwa. Mwaka wa 1983 nchi ilipata mkopo mpya kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka wa 1984 ukame uliipiga Kenya, mvua ndefu zikakosekana, na serikali ikalazimika kununua mahindi nje. Wakenya wa umri fulani wanayakumbuka mahindi yale ya manjano kwa ladha yake, lakini katika Benki Kuu yalikumbukwa kwa bei yake: yalilipiwa kwa fedha za kigeni. Nchi haikuingia katika njaa kama iliyoikumba Ethiopia mwaka huo, na mojawapo ya sababu ni kwamba fedha za kununulia chakula zilipatikana mapema.

Jaribio gumu zaidi lilitoka ndani. Sheria iliweka kiwango cha juu cha riba ambacho mabenki yangeweza kutoza, lakini taasisi za fedha zisizokuwa benki kamili ziliruhusiwa kutoza zaidi, na mtaji wa kuzianzishia ulikuwa mdogo. Wenye akili waliona mwanya. Taasisi hizo zilichipuka kama uyoga, nyingine zikiwa za wazalendo waliotaka nafasi katika uwanja uliotawaliwa na wageni, nyingine zikiwa zimefunguliwa na mabenki makubwa yenyewe ili kukwepa kiwango cha riba. Zilikusanya amana za walimu, za vyama, za mashirika ya umma. Baadhi zilikopesha wakurugenzi wao wenyewe au zikafunga fedha za muda mfupi katika ardhi na majengo.

Desemba 1984 ilianguka Rural Urban Credit Finance, iliyohusishwa na Andrew Ngumba, aliyewahi kuwa Meya wa Nairobi. Mwaka wa 1986 zilifuata Continental na Union pamoja na nyingine. Watu walipanga foleni mitaani wakidai akiba zao. Waliokuwa mbele walipata kitu. Wengine walipewa karatasi na tarehe.

Je, Gavana alilala? Lawama haziwezi kumkosa kabisa. Leseni zilitolewa kwa urahisi kabla yake na wakati wake, na wakaguzi wa Benki Kuu walikuwa wachache mno kwa taasisi zilizoongezeka kila mwaka. Kwa upande mwingine, ni katika kipindi chake, mwaka wa 1985, sheria ya mabenki ilipofanyiwa marekebisho, mtaji wa chini ukapandishwa, na ikaanzishwa Hazina ya Kulinda Amana ili mwenye akiba ndogo asipoteze yote benki yake ikifa. Chombo hicho kilikuja kuwalipa wateja wa mabenki mengi yaliyoanguka katika miaka ya 1990. Baadhi ya taasisi zilizoyumba ziliunganishwa Desemba 1989 na kuwa Consolidated Bank, lakini wakati huo Ndegwa alikuwa amekwisha ondoka. Eric Kotut alichukua kiti chake mwaka wa 1988, na dhoruba ya Goldenberg, iliyotikisa Benki Kuu katika miaka ya mwanzo ya 1990, ilimkuta Ndegwa nje ya jengo hilo.

Mwaka huo wa 1988 serikali iliuza asilimia 20 ya hisa za KCB kwa umma. Lilikuwa tone katika bahari, ila lilikuwa tone la kwanza tangu ripoti ya 1982.

Ndegwa aliyerudi katika maisha ya kibinafsi hakukaa kimya. Alikuwa amechapisha mwaka wa 1985 kitabu kuhusu mgogoro wa maendeleo ya Afrika, na mwaka wa 1994 yeye na Reginald Green walitoa kingine kilichoitazama Afrika ya mwaka wa 2000 na baada yake. Kati ya vitabu hivyo viwili ndipo Kenya Airways ilipomwita.

Shirika hilo lilizaliwa Januari 1977 kutokana na kifo cha East African Airways, likaanza kuruka mwezi uliofuata kwa ndege mbili za Boeing 707 za kukodi. Lilimilikiwa na serikali kwa asilimia mia moja. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 lilikuwa mfano kamili wa yale yaliyoandikwa katika ripoti za 1979 na 1982: wafanyakazi wengi kupita kazi, ndege zilizochakaa, maafisa wa serikali waliosafiri kwa mkopo usiolipwa, na madeni yaliyodhaminiwa na Hazina. Hakuna benki ambayo ingelikopesha kwa mizania yake pekee. Lilikopeshwa kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mlipa kodi.

Ndegwa aliteuliwa mwenyekiti akiwa na agizo la kuligeuza liwe la kibiashara na hatimaye liuzwe. Hatua zake za kwanza zilikuwa zile ambazo afisa yeyote wa mikopo angezidai kabla ya kufungua faili: hesabu zilizo safi, orodha kamili ya madeni, wasimamizi wanaoijua kazi. Wataalamu wa Speedwing, tawi la ushauri la British Airways, waliletwa kuendesha shughuli. Njia zisizolipa zilikatwa na wafanyakazi wakapunguzwa. Jambo hilo la mwisho halikupokewa kwa shangwe, kwani kila aliyepunguzwa alikuwa na jamaa na karo za kulipa, na jijini kazi nyingine hazikuwapo. Katika mwaka wa fedha wa 1993/94 shirika lilipata faida yake ya kwanza tangu kazi hiyo ianze.

Mwaka wa 1994 Shirika la Fedha la Kimataifa linaloshughulikia sekta ya kibinafsi, IFC, liliajiriwa kuandaa uuzaji. British Airways, Lufthansa, South African Airways na KLM ya Uholanzi yote yalionyesha nia. Shughuli ya aina hiyo ndiyo kilele cha kazi ya benki za makampuni: kuligawa deni upya, kukadiria thamani ya kampuni, kumpata mshirika mwenye ujuzi, kisha kutafuta bei ambayo mwananchi wa kawaida ataimudu. KLM ndiyo iliyochaguliwa, ikanunua asilimia 26. Serikali ikabaki na asilimia 23. Hisa zilizosalia zilitengewa wawekezaji wengine na umma, kwa Sh11.25 kila moja.

Walimu, wauguzi na makarani ambao hawakuwa wamewahi kumiliki hisa yoyote walijaza fomu hizo na kununua kipande cha shirika la ndege. Philip Ndegwa hakuiona siku hiyo. Alifariki mapema mwaka wa 1996, kazi ya kuandaa mauzo ikiwa karibu kukamilika na kabla hisa hazijaanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi.

Upande wa familia, First Chartered Securities ilikuwa katika miaka hiyo ya 1990 imechukua hisa za Barclays katika benki ya NIC, taasisi iliyoanzishwa mwaka wa 1959 kwa kazi ya kukopesha wanunuzi wa magari na mashine. Wanawe waliendeleza uwekezaji huo. Oktoba 2019 NIC iliungana na Commercial Bank of Africa na kuzaa NCBA, mojawapo ya mabenki makubwa nchini.

Kenya Airways nayo ilipata faida kwa zaidi ya muongo mmoja, ikaitwa fahari ya Afrika, kisha ikanunua ndege nyingi kwa mikopo na kuanza tena kupata hasara kubwa. Mwaka wa 2017 deni lake liligeuzwa kuwa hisa. Serikali ilirejea kuwa mwenye hisa mkubwa zaidi, kwa asilimia 48.9, huku sehemu ya KLM ikishuka hadi asilimia 7.8. Mabenki ya Kenya yaliyokuwa yameikopesha yalijikuta, kupitia kampuni iliyoundwa kwa ajili hiyo, yakimiliki asilimia 38.1 ya shirika ambalo hayakuwahi kutaka kulinunua.